Stark mgonjwa, Hammer tapeli: nani alistahili kushika deraya?

Iron Man 2 ilipotoka mwaka 2010, wengi waliitazama kama muvi ya ngumi na milipuko, wakamcheka Justin Hammer, muuza silaha mpinzani, na kumshangilia stelingi, Tony Stark, yaani Iron Man mwenyewe. Si muvi bora ya Marvel, wala sitaki kuitetea kwa hilo. Ila ndani yake kuna kesi nzito ambayo, kwa maoni yangu, haikuamuliwa kwa haki. Upande mmoja wa kesi ulipewa msemaji mjinga makusudi, ili sisi watazamaji tusiusikilize.

Kesi yenyewe ni hii. Tony Stark, bilionea aliyerithi kampuni ya silaha, amejiundia deraya inayoruka na kulipua vifaru, na dunia nzima inajua aliye ndani ni yeye. Kamati ya Seneti ya Marekani chini ya Seneta Stern inamwita na kumtaka aikabidhi kwa serikali. Stark anagoma. Anasema ile si silaha bali ni kiungo cha bandia, kwamba yeye na deraya ni kitu kimoja, na anajisifu kuwa amebinafsisha amani ya dunia. Kisha anaziteka skrini za ukumbi na kuonyesha majaribio ya wengine waliotaka kumuiga: Korea Kaskazini, Iran, na hatimaye Hammer mwenyewe. Deraya ya Hammer inajinyonga kiunoni na kugeuka nyuma mbele, rubani akiwa ndani. Hammer, aliyeletwa pale kama mtaalamu wa silaha, hana la kusema zaidi ya kwamba rubani hakufa. Watu wanacheka, na hoja ya Seneti inazikwa na kile kicheko.

Kumbe siku zilezile Stark yuko njiani kufa. Kile kinu cha nishati kifuani mwake, kinachozuia vipande vya bomu visifike kwenye moyo, kinatumia paladiamu, na paladiamu inamtia sumu kwenye damu. Anajichoma kidole na kupima sumu kwa kifaa mfano wa kile cha kupimia sukari, asilimia inazidi kupanda. Anakunywa maji ya klorofili kupunguza makali. Michirizi myeusi inamtambaa kuelekea shingoni, naye anaificha kwa kola. Kompyuta yake imeshamwambia wazi kwamba kila akiivaa deraya, sumu inakwenda mbio zaidi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Stark anaficha kwa kila mtu. Anamkabidhi msaidizi wake Pepper Potts kampuni nzima bila kumwambia kwa nini. Baada ya kunusurika shambulio huko Monaco anamkaangia mayai kwenye ndege ili apate ujasiri wa kumweleza, na bado anashindwa.

Nikiunganisha haya mawili, sioni namna ya kuikwepa hoja ya Seneti. Mtu anayesema amani ya dunia iko mikononi mwake alipaswa kusema pia kwamba mikono hiyo haina uhakika wa kufika mwaka ujao. Utetezi wake wa kuwa yeye na deraya ni kitu kimoja ndio unaomfunga. Kama ni kimoja, basi afya yake ni suala la usalama wa watu, si siri ya chumbani. Na ile sherehe ya siku ya kuzaliwa inamaliza ubishi. Stark amelewa chakari, amevaa deraya, anafyatua nguvu za viganja vyake kulenga chupa na tikitimaji zinazorushwa juu ya vichwa vya wageni. Angekuwa askari angenyang'anywa bunduki palepale.

Tena aliiambia kamati kwamba nchi nyingine ziko nyuma yake kwa miaka 5 hadi 10, na Hammer kwa miaka 20. Muda si muda Mrusi Ivan Vanko anatokea kwenye mbio za magari za Monaco na kinu kama cha Stark kifuani, akikata magari kwa mijeledi ya umeme. Baba yake Vanko aliwahi kufanya kazi na baba yake Stark, kisha akafukuzwa Marekani. Kwa hiyo hata ule upekee anaoringia Stark haukuwa wa familia yake peke yake.

Lakini upande wa Stark nao una nguvu, na nguvu hiyo inatoka kwa Hammer. James Rhodes, rafiki yake aliye Jeshi la Anga, anapoona ulevi umevuka mpaka, anavaa deraya ya pili, wanapigana, anaondoka nayo hadi kambini. Ni kitendo cha busara kuliko vyote katika hadithi hii. Sasa tazama serikali inavyofanya na kitu kilichookolewa kwa taabu hivyo: inamwita Hammer aje aifungie silaha. Yaani mtu yuleyule ambaye jaribio lake la kuvunja kiuno lilionyeshwa mbele ya kamati. Ndiye mkandarasi aliyebaki, basi kapewa. Anaipachika kombora dogo analolisifia kuliko mengine yote, na siku ya vita kombora hilo linamgonga adui na kudondoka chini bila kulipuka.

Na ubovu wa bidhaa ndio dhambi yake ndogo. Hammer anamtorosha Vanko gerezani kwa kifo cha kughushi na kumficha kiwandani kwake ili amjengee jeshi la deraya. Vanko anamwambia wazi kwamba haundi tena deraya za kuvaliwa na watu, anaunda droni. Anapochelewesha kazi, Hammer anamwadhibu kwa kumnyang'anya kasuku, mito na viatu, kama mwenye nyumba anayemkomoa mpangaji. Hana habari kwamba mtu huyo ameshazifanya mashine zote zimtii yeye, pamoja na deraya aliyomo Rhodes. Usiku wa maonyesho ya Stark Expo zinaanza kupiga watu. Kwa hiyo Stark angeweza kuwaambia maseneta: mnaona nilichokuwa nakataa? Kukabidhi serikalini, kwa vitendo, kulikuwa kukabidhi kwa mwenye zabuni.

Hapo ndipo ninapowalaumu waandishi. Katika vitabu vya michoro Hammer alianza mwaka 1979 akiwa mzee Mwingereza, tajiri mtulivu aliyewakopesha wahalifu mtaji na vifaa kwa sharti la nusu ya watakachoiba. Huyo aliiteka deraya ya Iron Man kwa mbali na kuifanya imuue balozi mbele za watu. Mpinzani wa namna hiyo anakulazimisha ufikiri kuhusu hatari ya deraya yenyewe. Hammer wa muvi, pamoja na uigizaji mtamu wa Sam Rockwell, anakulazimisha ucheke tu. Mwaka 2014, katika muvi nyingine, wakaongeza jingine: Seneta Stern akafichuliwa kuwa mwanachama wa Hydra, genge la siri. Ni kuleta ushahidi baada ya kesi kwisha. Seneta akiwa mwovu, swali lake halifutiki.

Na halijafutika hata nje ya sinema. Kwenye mgahawa wa Monaco Stark anamsalimia Elon Musk, aliyeigiza kama yeye mwenyewe, na kumpongeza kwa injini za roketi. Septemba 2023 Musk alieleza hadharani kwamba alikataa ombi la dharura la kuwasha Starlink, mtandao wake wa intaneti ya setilaiti, hadi Sevastopol, bandari ya Crimea, kwa ajili ya Ukraine, kwa kuwa hakutaka kampuni yake iwe mshirika katika kitendo kikubwa cha vita. Wapo waliosema ana haki hiyo, mali ni yake. Wapo waliouliza ni nani alimpigia kura.

Stark mwenyewe alikuja kubadilika katika muvi za baadaye. Baada ya kuunda roboti Ultron kwa siri na mji mzima kuangamia, mwaka 2016 alikuwa wa kwanza kuwahimiza wenzake wakubali mkataba wa nchi 117 uliotaka mashujaa wawe chini ya usimamizi. Ni hoja ya Stern ileile, safari hii ikitoka kinywani mwa aliyeikataa.

Mimi nisingempa Stern deraya ile, wala nisingemwachia Stark. Waliokaribia jibu ni shirika la kijasusi la SHIELD, lililomtuma jasusi wake Natasha Romanoff aishi karibu na Stark na kumpima kimya kimya. Mwishoni mkuu wa SHIELD, Nick Fury, anampa ripoti aisome mwenyewe: Iron Man anapendekezwa kuingia kikosi cha mashujaa, Tony Stark hapendekezwi. Ni mara pekee katika muvi nzima mtu na mashine vinapimwa mbalimbali. Ila Fury anamalizia kwa kumwajiri kama mshauri tu, Stark anaomba malipo ya kuvishwa nishani na Seneta Stern, na deraya anarudi nayo nyumbani.