Simu nayo ipige hodi

Nikizungumza na watu wa nyumbani Unguja, salamu haziishi bila pole: "Poleni na malezi huko kwa Wazungu, Mungu awahifadhie watoto." Naitikia amin, maana dua hairudishwi. Lakini kwenye hili la simu na watoto, pole hiyo ingefaa tugawane.

Likizo iliyopita nilimkuta mtoto wa miaka tisa hivi, katoka chuoni kusoma Kurani, kajilaza mkekani ubavuni mwa bibi yake. Simu ya mama yake iko puani, video moja haijesha nyingine imeshaanza. Bibi anachambua mchele na kumsifia: "Huyu hana matata, katulia." Bibi huyohuyo zamani ukichelewa kurudi chuoni alikuwa anajua umepitia kwa nani na umekula nini huko. Mtaa ulikuwa na macho. Mtoto wa mwenzio ukimkuta pasipomfaa ulimkanya, na mama yake akakushukuru. Sasa mtoto yuko ndani, hatua mbili kutoka kwa bibi, na hakuna anayejua yuko na nani.

Huku Coventry mtaa wa namna hiyo hatuna; jirani akinikanyia mwanangu nitashtuka. Tuna sheria. Uingereza ilipitisha sheria ya usalama wa mtandaoni mwaka 2023, na tangu Julai 2025 tovuti za picha chafu zinatakiwa zihakikishe umri wa mtu kabla ya kumfungulia. Ni jambo jema, na nyumbani lingetufaa. Ila VPN, zile programu za kuficha uko nchi gani, watoto wa sekondari wanazijua kuliko wazazi wao, na hakuna sheria inayokuja kukaa na mwanao saa nne za usiku. Wapo wenzangu walioshusha pumzi, kana kwamba serikali imeshawalelea.

Na kuitupa simu hatuwezi. Unguja adhana utaisikia hata hutaki, misikiti inapokezana. Sisi inatutokea kwenye simu. Desemba Magharibi inaingia kabla ya saa kumi jioni. Juni Isha inasogea karibu saa tano usiku. Nani atakariri hayo bila programu? Bibi yao wanamjua kwa uso kupitia simu, na juzuu wanaidurusu kwa kumsikiliza qari, msomaji wa Kurani, humohumo. Kwa hiyo anayetuambia tuizuie moja kwa moja namuona hajaishi huku.

Nilichokishika mimi ni kitu tulichokulia nacho wote: hodi. Suratun-Nur, aya ya 58, inataka hata watoto wasiobaleghe waombe idhini nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya Isha. Na Mtume (s.a.w.) alimwambia mtu aliyemchungulia tunduni kwamba idhini imewekwa kwa sababu ya jicho, hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Sasa kitu chenye kamera, kinachobeba watu wa dunia nzima, kinaingiaje chumbani saa hizohizo bila kuuliza?

Kwetu usiku simu zote zinalala jikoni, ndani ya pakacha nililotoka nalo nyumbani. Kiangazi hatungoji Isha, ikifika saa tatu basi. Ya baba nayo imo, na ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Hoja ya "nitaamkaje Alfajiri" tuliimaliza kwa ile saa ya plastiki yenye umbo la msikiti, inayoadhini kwa sauti ya kukwaruza mpaka unaamka kwa hasira. Lakini unaamka.

Hodi hiyo inanihusu na mimi. Suratul-Hujurat inakataza kupelelezana, na sijaona ilipowatoa wazazi wanaopekua simu ya kijana wa miaka kumi na tano akiwa kalala. Wengi wao huja kugundua ana simu ya pili. Mzazi ni mchunga na ataulizwa, hilo silikatai. Ndiyo maana nakaa naye tunaifungua pamoja, akijua, tena mchana. Na kazi yenyewe inaanza mapema: sala mtoto anaamrishwa na miaka saba, hatungoji abaleghe ndipo tumuonyeshe kibla. Wangu mdogo bado anatazama kwenye televisheni ya sebuleni, sote tukiona, na kishikwambi hana.

Wanaonivunjia haya yote si Wazungu, ni grupu la familia. "Sambaza kwa watu kumi, ukipuuza utafikwa na msiba." Aliyetuma ni mtu mzima, kanzu na kofia, na Hujurat hiyohiyo, aya ya 6, anaijua kwa moyo: ikija habari, ichunguzeni. Wanangu wanasoma Kiswahili vizuri kuliko anavyodhani, wananiuliza kama babu huyo kweli anaamini.

Kisha picha. Binti kabaleghe, kavaa nguo yake ya Idi, kapigwa picha uani; kabla hajavua viatu yuko kwenye stetasi za watu watano. Nimeomba aulizwe kwanza. Dada yangu kasema haya ya kumuomba mtoto ruhusa nimeyaokota Ulaya. Nimemtumia ile aya ya Suratun-Nur na tafsiri yake. Tiki mbili za buluu nimeziona, jibu bado.