Shofa Aliyefia Ukutani

Sisi watengeneza programu tuna ugonjwa mmoja: mtu akiomba kitu cha kuhesabia mifuko ya unga, tunaanza kubishana juu ya seva. Safari hii nilikataa. Kazi ilitoka kwa mzee mwenye depo ya unga komini ya Kenya, hapa Lubumbashi (wageni, msikimbilie ndege ya Nairobi), nami nikawaambia wenzangu tutumie njia ya Muitaliano Alberto Brandolini. Kompyuta kando. Ukuta na vikaratasi basi. Kila linalotokea kazini unaliandika kwenye kikaratasi cha rangi ya chungwa, kisha vyote vinabandikwa kushoto kwenda kulia jinsi mambo yanavyofuatana. Na unaandika kama jambo lililokwisha kutokea: si "kupokea lori", ni "lori limepokelewa".

Asubuhi ilikwenda vizuri. "Unga umenunuliwa Zambia." "Lori limevuka mpaka wa Kasumbalesa." Lakini mambo mazuri peke yake hayasaidii, maana programu hufia palepale kazi inapoharibikia. Basi tukajiachia. "Lori limepinduka." "Mifuko 40 imepotea." "Kasha la pesa limekutwa pungufu." Njaa ikauma, tukatoka kutafuta bukari, mlango tukauacha wazi.

Akaingia shemeji ya mzee.

Yule baba si mtu wa kuuliza. Alisoma ukuta kushoto hadi kulia, vile vile Brandolini anavyotaka, akapiga picha, akairusha kwenye grupu la WhatsApp la familia.

Kumbe shofa, dereva wa lori la depo, alikuwa kweli kwenye foleni ya malori mpakani, na simu yake imezima. Tuliporudi tulimkuta mke wake ameketi chini uani, kitambaa kimemtoka kichwani, mashangazi wanamshika huku na huku. Yaya wa kasha, dada anayepokea pesa za wateja, alikuwa amefunga droo kwa kufuli na kutia ufunguo ndani ya blauzi, wateja wamejipanga hadi barabarani.

"Hakuna atakayenunua hata kilo moja," alisema, "mpaka aliyeandika kasha langu ni pungufu aje anihesabie mbele ya watu!"

Mzee tulimkuta mbele ya ukuta, miwani mkononi.

"Mifuko yangu 40 iko wapi?"

"Mzee, haijapotea."

"Hapa mmeandika imepotea."

"Ndivyo njia inavyotaka."

"Nani anataka?"

"Muitaliano mmoja."

"Na huyo Muitaliano, depo yangu ameijulia wapi?"

Kabla sijapata jibu, simu ya mzee ikalia. Ni shofa, ameazima simu ya mwenzake, anauliza nani amekufa. Mke wake aliinyakua. Kilio kilikatika ghafla kama maji ya bomba. "Kumbe uko mzima! Sasa simu yako ilizimwa kwa ajili ya nani?" Yaliyofuata tuyaache kwenye ndoa yao.

Yaya hakuridhika. Aliingia chumbani, akapitisha kidole kikaratasi kwa kikaratasi. "Hapa mmeruka. Mfuko ukipasuka wakati wa kushusha, unga tunauzoa tunauuza rejareja. Ninyi mnaandika umepotea!" Mwenzangu mmoja alikuwa akitaka stoki iwe programu peke yake na kasha programu peke yake, ziongee kwa mtandao. Baada ya somo lile, kwamba mfuko mmoja uliopasuka unagusa vyote viwili, alinyamaza. Stoki na kasha vikakaa ndani ya programu moja, na sababu tukaiandika kwenye nusu ukurasa, kwa mtindo aliouleta Michael Nygard mwaka 2011: hali ilivyo, uamuzi, matokeo yake.

Ila katika vurugu ile shemeji alikuwa ameshatoa mifuko miwili ya unga wa matanga, akaiandikisha deni la shofa. Bukari ikapikwa, ikaliwa. Shofa aliporudi alikataa kulipa: matanga si yake, yeye hakufa. Mzee akatugeukia: programu itaandika nini hapo? Tulipekua ukuta mzima, hatukuona pa kuiweka. Mwishowe mwenzangu akachukua kikaratasi cha waridi, rangi tuliyoiweka kwa penye utata, akaandika: "Marehemu amerudi, unga umeliwa."

Yaya alikibandua akakipeleka mbali na kasha, upande wa lori. Shofa akakirudisha upande wa kasha. Shemeji aliomba arudishiwe pesa ya megabaiti.