Kiuno Changu na Mfalme wa Sicily

Nani aliwaambia watoto wetu wakasome famasia? Binti yangu amerudi likizo, yuko mwaka wa pili, na tangu Jumamosi hakuna mtu anayekohoa kwa amani hapa mtaani Manyatta, Kisumu. Ukipiga chafya unaulizwa tangu lini. Ukisema una homa unaulizwa umepimwa wapi. Mimi nauza viatu vya mitumba Kibuye, kuinama na kuinuka na marobota tangu alfajiri, na kiuno kimegoma wiki ya pili sasa. Nilidhani nasomesha msaada wa uzeeni. Kumbe nasomesha polisi.

Jumatatu nikajikokota hadi kliniki. Daktari, kijana wa rika la wateja wangu wa raba, akanibonyeza mgongo mara mbili, akaandika. Nasema "akaandika" kwa heshima tu. Ile ilikuwa njia ya kuku aliyeanza kuvuka barabara akaghairi. "Dawa hatuna, mzee, vuka hapo kwa kemisti."

Nikavuka. Msichana wa kemisti akaigeuza karatasi, akaigeuza tena, akaniuliza, "Ni ya mtoto?" Nikatoka. Kemisti ya pili, kijana akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mwenye duka, wakasimama watatu kama watu wanaosoma hukumu ya kesi ya shamba. Wakaniambia shilingi 850. Kemisti ya tatu, 400, dawa ileile, au tuseme wote walikubaliana kwamba inaanza na D. Na hilo jua la Kisumu la saa nane mchana halikuwa na haya.

Nikaingia nyumbani nikifoka. Kwa nini mtu anayeandika dawa asiwe na dawa? Muuza samaki si ana samaki? Binti akaweka simu chini, jambo la nadra, akaniambia nimlaumu Frederick wa Pili. Nikadhani ndiye mwenye kliniki.

"La, baba. Ni mfalme. Wa Sicily, karne ya 13."

Eti huyo ndiye aliyepitisha sheria kwamba daktari asimiliki duka la dawa wala asile njama na mwenye duka. Mmoja apime, mwingine achanganye dawa, kila mtu na mlango wake. Sababu ni kwamba daktari mwenye duka atamwona kila mgonjwa anafaa chupa ya bei kali. Hapo nikamwelewa mfalme, maana hata mimi mteja akiniuliza kama kiatu kimemtosha, jibu huwa ni moja tu. Nikauliza, na bei je? Akasema sheria hiyohiyo ilitaka bei za dawa zisimamiwe na serikali. Ala! Yaani sheria imesafiri karibu miaka 800 kutoka Sicily hadi Kisumu, kile kipande cha kunitembeza juani kikafika salama, cha bei kikashukia njiani.

Nikamweleza pia nilichokiona kwa ile kemisti ya pili nikingoja waelewane. Ukutani wametundika cheti ndani ya fremu: Bodi ya Famasia na Sumu. Na Sumu! Mtu anaumwa, hajui hata anauziwa nini, halafu anasomeshwa sumu. Binti akasema jina hilo linatoka kwenye sheria yenyewe, ya 1957, na kwamba Wagiriki wa kale walikuwa na neno moja, pharmakon, lenye maana ya dawa na maana ya sumu. Kisha akaja Paracelsus, mganga wa Uswisi wa karne ya 16, akasema kinachotenga sumu na dawa ni kipimo. Nikamjibu hilo tunalijua bila karo: dawa ya kikohozi ni dawa, dawa ya panya ni dawa, na dawa ya deni ni kulipa, ambayo ndiyo chungu kuliko zote. Hakucheka. Sijui huko chuoni wanawafanya nini.

Jioni akataka kunituliza. Akaniangalia kichwa, kisha akasema Wamisri walikuwa na dawa ya upara, imeandikwa kwenye mafunjo ya zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Nikakaa wima, kiuno au la. Mafuta ya simba, mafuta ya kiboko, ya mamba, ya paka, ya nyoka na ya mbuzi wa mwitu, unachanganya, unapaka. Hebu fikiria. Kiboko tunaye Dunga, huja jioni kuangalia watu wakila samaki. Mamba wamo ziwani humohumo. Simba yuko kwenye hifadhi ya Impala, ndani ya uzio, hana haraka. Nyoka si wa kutafuta, huja mwenyewe mvua ikinyesha. Paka wa jirani namjua, ndiye hula omena zangu. Kilichopungua ni mbuzi wa mwitu tu, na wa jirani amekaa kimwitumwitu. Mama Junior akanikata kutoka jikoni: "Baba Junior, ukishikwa na askari wa wanyamapori usitaje jina langu."

Kitu kimoja tu katika elimu hiyo yote kimenifaa. Coca-Cola ilibuniwa na mfamasia, John Pemberton, kule Atlanta, Marekani, na mwaka 1886 ikaanza kuuzwa kwa glasi ndani ya duka la dawa, ikisifiwa kwamba inatuliza kichwa. Miaka yote tunaenda kumwona mgonjwa na soda na mkate, tukidhani ni adabu, kumbe tunampelekea matibabu! Nikaagiza moja baridi papo hapo. Wakaniletea maji.

Jumanne ndipo ugomvi wenyewe ulipoanza. Binti alipanda stuli akaliteremsha lile kopo la Kimbo juu ya kabati. Kopo hilo limetibu nyumba hii miaka kumi na tano. Akalimimina mezani: vidonge vyeupe visivyo na jina, kimoja cha waridi, kapsuli mbili za rangi mbilimbili zilizogandana kama wapenzi, na chupa ya dawa ya kikohozi ya Junior alipokuwa chekechea, imeota sukari shingoni hadi kifuniko kimekuwa sehemu ya chupa. Junior sasa ananyoa ndevu.

Akaokota karatasi ya dawa ya malaria, akahesabu.

"Baba, hizi zinakuwa 24. Nne asubuhi, nne jioni, siku tatu. Mbona nane ziko hapa?"

"Nilikuwa nimepona."

"Nani alikuambia?"

"Mwili wangu. Kwani wewe unaujua kuniliko?"

Akavuta pumzi, nikajua hotuba inakuja. Akaanza na kwinini, jinsi wafamasia wawili Wafaransa, Pelletier na Caventou, walivyoitoa kwenye gome la mti wa Amerika Kusini mwaka 1820. Akaja kwa hizi nane zangu, kwamba asili yake ni mmea wa Kichina, na mama mmoja, Tu Youyou, aliupata baada ya kupekua vitabu vya kale vya waganga wao, akapewa Nobel mwaka 2015. Na mimi nazitupa koponi.

Mama yangu mzazi, aliyekuja kutoka Seme kuniangalia kiuno, alikuwa ameketi kimya na chai yake muda wote. Kwa Kijaluo yath ni mti, na yath ni dawa, hatukuona haja ya kutafuta maneno mawili. Akakiweka kikombe chini polepole.

"Nyakwara, mjukuu wangu, kwa hivyo huko chuoni mnafundishwa miti?"

"Kwa namna fulani ndiyo, dani."

"Kwa karo?"

Kisha akanigeukia mimi. Mama akikuangalia hivyo, unaanza kukumbuka kila muhula na kiasi chake.

Binti akaondoka na mzigo wote wa kopo, akasema atawapelekea watu wa famasia wauharibu ipasavyo, si kutupa chooni. Kopo tupu likaoshwa, likaanikwa ukutani. Nyumba ikawa kama imefiwa. Usiku nilijigeuza kitandani kwa awamu tatu, kama lori linalotafuta njia Kondele.

Leo alfajiri wote wamelala, nikapanda stuli kwa shida kuangalia tu. Kopo limerudi mahali pake, kifuniko kimebanwa. Nikafungua. Majani makavu ya mwarobaini, kipande cha mzizi nisioujua kimefungwa kwa uzi, na chini kabisa zile kapsuli mbili, bado zimeshikana.

Nyuma yangu nikasikia mtu akikohoa kidogo, kikohozi cha Seme.

"Chukua mzizi," akanong'ona. "Yeye akiamka, sema ni wa Kichina."