Mmh ya Mke Wangu Mbele ya Serikali ya Mfalme

Leo asubuhi, nikiwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka zamu ya usiku ghalani, hapa Leicester, Uingereza, na kiatu kimoja bado kiko mguuni, nilipigiwa simu na mzee anayenitafsiria nyaraka za viza ya mke wangu, ili atoke Tanga aje kuishi nami. Ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mombasa, mtu wa adabu nyingi, ambaye huniita kijana ingawa mvi zangu zimeanza kushindana na zake. Alinisalimia, akaniulizia hali ya nyumbani, akaiulizia tena, kisha akashusha pumzi na kusema, "Kijana, Luku ni nani?"

Nitarudi kwa Luku. Kwanza ieleweke kwamba mimi si mlalamishi. Ada ya maombi, pauni 1,938, nimeilipa bila kuguna. Ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa kuwa viza ni ya miezi 33 na ile miezi tisa ya mwisho huhesabiwa kuwa mwaka mzima, nimelipa pauni 3,105, ili mke wangu naye apate haki ya kumpigia daktari simu saa mbili kamili asubuhi na kuambiwa, saa mbili na dakika tatu, kwamba nafasi za leo zimekwisha.

Kuhusu mshahara, wenzangu mnayajua. Sisi tulichumbiana wakati mshahara anaotakiwa kuwa nao mtu anayemleta mwenzi wake ulikuwa pauni 18,600 kwa mwaka, lakini wajomba zake wakaona ni busara kusubiri kwanza mvua za masika zipite ndipo tufunge ndoa. Tarehe 11 Aprili 2024, Tanga ikiwa imelowa chapachapa, sharti likapanda hadi pauni 29,000. Masika ile ilinigharimu pauni 10,400 kwa mwaka, na wajomba walikula pilau kavu, hawakunyeshewa hata tone. Kwa pauni 12.21 kwa saa, kima cha chini kilichoanza Aprili 2025, mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki katika majuma yote 52, bila kuugua wala kuzikwa, hafiki hata 25,400. Kwa hiyo mimi hufanya saa 46, na hati zangu za mshahara za miezi sita sasa zinapendeza kuliko uso wangu. Mke wangu ana duka la vitenge Ngamiani, pale Tanga mjini, ambalo, miezi mingine, hunizidi mapato, ila fedha anayoichuma kule haihesabiwi. Asiye na mshahara huo anaruhusiwa kuonyesha akiba ya pauni 88,500 badala yake. Ningekuwa na pauni 88,500, nisingemleta mtu yeyote hapa; ningekuwa Ngamiani mwenyewe, nimekaa barazani, nauza vitenge kwa mkopo.

Alisafiri kwa basi hadi Dar es Salaam kupigwa picha ya kifua ili ithibitike kwamba hana kifua kikuu. Alifanya mtihani wa Kiingereza wa kusikiliza na kuzungumza, daraja la A1, yaani la mwanzo kabisa, akafaulu, na tangu siku hiyo akikasirika huniambia "Fine". Picha za harusi nazo zilileta mashaka, kwa sababu kila anapoonekana ameinamisha macho na kununa kama bibi harusi aliyelelewa vizuri, na mpwa wangu aliyezaliwa hapa aliziangalia akaniuliza kama shangazi alilazimishwa.

Basi zikabaki jumbe za simu. Tunatakiwa kuthibitisha kwamba ndoa ni ya kweli na bado inaendelea, na kila karatasi isiyo ya Kiingereza au Kiwelisi, lugha ya Wales, lazima iambatane na tafsiri kamili, yenye jina, tarehe na saini ya mtafsiri. Kiwelisi kinakubalika. Laiti mke wangu angekuwa ananuna kwa Kiwelisi.

"Luku?" nikamwuliza Mwalimu.

"Ukurasa wa tatu. Binti anaandika: 'Luku inalia tangu jana usiku na wewe umenyamaza tu.' Nawe unajibu: 'Ivumilie mpaka Ijumaa.'" Akanyamaza kidogo. "Fomu yako inasema hamna mtoto."

Nikamweleza kwamba Luku ni umeme wa kulipia kabla, na kwamba mita yake hulia uniti zinapokaribia kwisha. Mwalimu akasema kwao huitwa tokeni, na kwamba alikuwa ameshangazwa na "inalia" badala ya "analia", lakini akadhani ndicho Kiswahili cha vijana wa siku hizi. Kumwambia mtu wa Tanga kwamba mkewe hajui ngeli ni jambo ambalo zamani lingetufikisha kwa mjumbe, lakini nilikumbuka kwamba saini ni yake, nikameza.

"Tuje kwenye mmh," akasema.

"Mmh ipi?"

"Ya ukurasa wa kwanza. Binti amekuuliza umekula nini, umemjibu mkate, naye akaandika 'mmh'. Sasa hii ni mmh ya huruma, au ni mmh ya kutoamini?"

Nilimwambia aiandike vilevile ilivyo. Akasema haiwezekani, kwani mmh si neno la Kiingereza. Nikamwambia Waingereza nao wana mmh yao, nimeisikia kwa msimamizi wangu kazini. "Yao ni ya kukubali," akasema Mwalimu. "Hii ya binti, kijana, sioni kama inakubali."

Kisha akaja kwenye "sawa". Alikuwa amezihesabu: zipo 17 katika kurasa nne. Akasema zile tano za mwanzo hazina shida, hizo ni sawa za kawaida, na nyingine sita zimefuatwa na "mume wangu", kwa hiyo ni za heri. Zilizomnyima usingizi ni hizo zilizobaki, hasa ile inayokuja baada ya mimi kumwambia kwamba sitaweza kwenda Idi. Hapo mke wangu aliandika neno moja tu, sawa, akaweka nukta, na hakuandika kitu tena kwa siku nne.

"Nikitafsiri kwamba amekubali," akasema Mwalimu, "na chini yake natia saini kwamba tafsiri ni sahihi, nitakuwa nimesema uongo mbele ya Serikali ya Mfalme."

"Basi andika amekasirika."

"Nikiandika amekasirika, afisa atasema ndoa ina mgogoro."

"Basi iruke."

"Tafsiri iwe kamili, ndivyo walivyosema."

Tukanyamaza, watu wazima wawili, kila mmoja na simu yake sikioni, tukiitafakari sawa. Mwishowe akanishauri nimwulize mwenyewe, kwa kuwa mwandishi yu hai. Nami, bila kufikiri, kwa usingizi wa zamu, nikampigia mke wangu dukani na kumwuliza, mbele ya wateja wake, ile sawa ya Idi alikusudia nini hasa.

"Nani anauliza?"

"Mwalimu mmoja, mzee wa Mombasa. Anasoma meseji zetu."

Nilisikia mkasi ukiwekwa mezani. "Zote?"

"Kurasa nne tu."

"Mzee wa watu amekaa huko Ulaya anasoma mimi kukuomba hela ya umeme."

"Ni kwa ajili ya viza, mke wangu."

Akakaa kimya kwa muda ambao mteja mmoja alitosha kununua doti nzima, kisha akasema, "Haya," akakata. Dakika mbili baadaye ukaingia ujumbe: "Sawa." Hiyo ni ya 18, na sitamwambia Mwalimu, kwa sababu anatoza kwa neno.

Hapo ndipo uungwana uliponiishia. Mtu mwenye mke wa uongo anagombana naye kuhusu Luku kwa sababu gani? Ndoa ya kutunga ingeandikwa vizuri! Ingekuwa na mapenzi kila mstari, na mwezi, na mawimbi ya bahari, na hakuna ambaye angekula mkate mkavu ndani yake. Huu ubishi, hii "umenyamaza tu", hii nukta baada ya sawa, hiyo ndiyo hati ya ndoa yenyewe, na ndiyo pekee isiyotafsirika. Mwaka mzima nimemwona mke wangu akiwa na ukubwa wa kiganja, anakatika kila umeme unapokatika, halafu nalipia kwa neno ili mtu mwingine aamini kwamba nimemkosa.

Na mimi mwenyewe nisijifanye mwenyeji wa mahali popote. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo nilipochukua pasipoti ya hapa ile ya kwetu ilikwisha kazi, na safari niliyokwenda kuoa nililipa viza ya dola 50 uwanjani Dar es Salaam, nikaulizwa kwa Kiingereza ninafikia hoteli gani. Nikajibu kwa Kiswahili kwamba ninafikia kwa mama mkwe. Kijana wa dirishani akanipongeza kwa jinsi ninavyoijua lugha.

Shemeji yangu, baada ya kuusikia mkasa, ameamua kuokoa jahazi kwa kumwelekeza dada yake aandike jumbe zitakazotafsirika. Wa kwanza umeingia sasa hivi, ninapoandika haya: "Mpenzi mume wangu, habari za Leicester? Hali ya hewa ya huko ikoje? Je, unapenda kazi yako?" Ni maswali ya mtihani wa A1, neno kwa neno. Nimemjibu kwamba hali ya hewa ni ya baridi na kwamba napenda kazi yangu. Sijui kama bado amekasirika, na sijui kama Luku imeingia, kwa kuwa siwezi tena kuuliza bila kuharibu ushahidi.

Jumamosi mwenye nyumba anakuja kuhesabu vyumba, apate kuandika barua kwamba nyumba inatosha watu wawili na haijajaa kupita kiasi. Kwa hesabu ya vyumba inatosha. Tatizo ni yale mapipa mawili chumbani, niliyoyajaza mashuka, sabuni na viatu alivyoagiza mke wangu mwenyewe kwa ajili ya dukani, ambayo yanasubiri meli ya kwenda Tanga. Yamekaa upande wa kitanda atakaolala yeye. Nimejaribu kulisogeza moja, halipiti mlangoni. Na nikimwuliza nilipunguze kitu gani, najua jibu litakalokuja, na najua litakuwa na nukta.