Jinsi Nilivyolivisha Sufu Jeshi la Mfalme

Tangu jana usiku nimeshapokea picha 43 za kondoo. Asanteni. Aliyeisambaza ile klipu ya ukumbi ukicheka manukuu yangu ya filamu namjua, ni jamaa aliyekaa nyuma yangu akimalizia soda yangu, na klipu yenyewe kaikata kichwa na mkia, ndiyo maana wengine mnadhani nilikuwa nimelewa. Sikulewa. Nilikuwa na akili zangu timamu, na hapo ndipo panaponiuma.

Kazi yangu mnaijua. Napewa hati ya Kiingereza, natoa manukuu ya Kiswahili ya chini ya skrini, mistari miwili, herufi zisizidi 42 kwa mstari. Safari hii ilikuwa filamu ya historia, pambano la Naseby, tarehe 14 Juni 1645, Waingereza kwa Waingereza. Huku Mfalme Charles wa Kwanza na mpwa wake Rupert, kule jeshi jipya la Bunge chini ya Thomas Fairfax, Oliver Cromwell akiongoza wapanda farasi wa kulia. Aliyeandika hati alitaka kunogesha, akaacha vitenzi vya siku hizi akaenda kufukua vya zamani. Na Kiingereza cha kumpiga adui ni ghala, jamani. Kila aliyewahi kuwavamia Waingereza aliwaachia kitenzi.

Niseme ukweli, mwanzo nilikwenda vizuri. Rupert anauvunja ubavu wa kushoto wa Bunge, ule wa Henry Ireton, na hati inasema aliwa-"rout". Mtafsiri mchanga angesoma "route" akaandika kwamba Rupert aliwaonyesha njia. Mimi nikacheka peke yangu. Maneno hayo mawili ni ndugu, yote yanatoka kwenye Kilatini "rupta", iliyovunjika: moja ni safu ya askari iliyovunjika, jingine ni njia iliyovunjwa msituni. Nikaandika "wakasambaratika", nikajipigia makofi, nikaenda kuchemsha chai.

Chai ile ndiyo iliyoniponza, maana nilirudi na kiburi.

Ukurasa uliofuata msimulizi anaeleza mavazi. Askari wa Bunge wamevaa makoti mekundu ya sufu, na hilo ni kweli, jeshi lile ndilo lililoanza kuzoesha watu askari wa Kiingereza mwenye koti jekundu. Mistari michache mbele nakutana na sentensi kwamba jeshi la miguu la Mfalme "was worsted". Wengine wangefungua kamusi. Mimi nimekulia chini ya cherehani! Baba yangu ni fundi wa suti, na neno "worsted" nimelisoma kabla sijajua kusoma vizuri, limepigwa chapa ya rangi ya dhahabu pembeni mwa jora. Ni sufu ya nyuzi ndefu, iliyochanwa ikalazwa upande mmoja, ikasokotwa kwa kukaza, kitambaa kikatoka laini kisicho na manyoya. Jina ni la kijiji cha Worstead, kule Norfolk. Yote hayo nayajua. Hayo ndiyo yaliyoniua.

Sasa tufike ukumbini. Watu kama themanini, feni mbili, shuka jeupe ukutani. Safu ya mbele kabisa kakaa mwalimu wa historia mstaafu ambaye nusu ya ukumbi tumepita mikononi mwake. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia, "Leo tunakula matunda yako, mwanangu." Kumbukeni sentensi hiyo.

Nawaomba hapa msome polepole, kama nilivyoteseka mimi polepole.

Moshi unapungua. Askari wa miguu wa Mfalme wamezingirwa, wapanda farasi wao wamekwishawakimbia, Rupert yuko mbali kwenye mizigo ya adui. Mmoja anadondosha mkuki topeni. Mwingine anapiga magoti. Kamera inamsogelea kijana wa miaka kama kumi na saba, damu kwenye nyusi, mdomo unatetemeka, fidla inalia kwa chini. Mama mmoja wa safu ya tatu anapapasa mkoba atafute leso. Na chini ya uso wa yule kijana, kwa herufi nyeupe zisizo na aibu:

Hatimaye jeshi la Mfalme
lilivishwa sufu safi.

Hilo "safi" niliongeza mwenyewe. Hati haikuwa nalo. Niliona mstari wa pili umepwaya.

Nukuu ile ilikaa sekunde nne. Ya kwanza watu wanasoma. Ya pili wanasoma tena. Ya tatu, leso ya yule mama imesimama hewani, haijui iende machoni au irudi mkobani. Ya nne, mtoto mmoja anauliza kwa sauti ya kitoto inayofika kila kona: "Mama, wanagawiwa nguo?"

Pangeishia hapo pengine ningepona. Lakini nukuu zinafuatana kama siafu, na ya pili niliijua, maana niliiandika mimi. Nikaomba umeme ukatike. (Nyie mnaolalamika umeme kukatika kila siku, jana ulikuwa wapi?) Mfalme Charles anageuza farasi, uso mweupe kama unga, na chini yake:

Mfalme hakujisikia vizuri,
akaondoka kwenda Leicester.

"Joto hilo!" akapiga kelele mmoja nyuma. "Sufu na jua la Juni!"

Ukumbi ukaanguka. Yule mama analia sasa, ila si kwa huzuni. Jamaa yangu keshatoa simu. Na katikati ya vicheko mwalimu akasimama, taratibu, akageuka, akanitafuta kwa miwani mpaka akanipata nyuma ya nguzo.

"Samahani, mwanangu. Sufu hiyo walivishwa kabla ya kupigwa, au ndiyo sanda?"

Sikuwa na jibu.

"Maana kama ni sanda," akaendelea, "umewahi. Sheria ya Waingereza ya kulazimisha maiti wazikwe kwa sufu ilikuja mwaka 1666. Umewatangulia miaka ishirini na moja."

Hapo hata feni zilicheka.

Baadaye alinivuta pembeni na kuniuliza swali moja tu: ulisikiliza sauti, au ulitafsiri kutoka kwenye karatasi? Karatasi, mwalimu. Akatikisa kichwa. Kitambaa Waingereza wanakitamka "wustidi", ile "r" wanaimeza kabisa, na kijiji chake vilevile. Kitenzi kinafunguka mdomoni, "wəəstidi", kwa sauti ndefu, kama "worst" lenyewe, baya kuliko yote, kwa sababu ndiko kilikotoka, karne ileile ya 17: umempiga mtu mpaka yeye ndiye mbaya wa uwanjani. Msimulizi alitamka sawasawa. Ningevaa vipokea sauti dakika moja, leo nisingekuwa na kondoo 43. Na hata karatasi ilinipa onyo: kwa Kiingereza mtu huvaa kitambaa kwa kihusishi, "in worsted", na pale hapakuwa na kihusishi chochote. Jeshi lili-"worsted", nukta.

Na Mfalme "kutojisikia vizuri"? Hati ilisema "discomfited". Mimi jicho langu likaona "discomfort", ndugu wa kufikia. Hawahusiani hata kwa ndoa. "Discomfit" ni Kifaransa cha kale, "desconfire", kutengua kilichokuwa kimetengenezwa, na mzizi wake wa Kilatini ni "conficere", kutengeneza kitu kikakamilika. Kutoka mzizi huo Wafaransa wamepata "confit", bata aliyepikwa polepole ndani ya mafuta akahifadhiwa. Kwa hiyo adui alikuwa bata aliyeiva, wewe ukamtengua. "Defeat" nalo ni hivyohivyo, "desfaire", kutengua. Katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, Kutoka 17:13, Yoshua anam-"discomfit" Amaleki kwa makali ya upanga. Fungua ya Kiswahili sura hiyohiyo, uone kama Amaleki anasumbuliwa na tumbo. Kosa langu lina umri lakini: Waingereza wenyewe walichanganya maneno hayo mawili mpaka siku hizi "discomfited" kwao ni mtu aliyetahayari tu. Yaani mimi, jana, saa mbili na nusu usiku.

Sikulala. Nikawa nafungua kamusi za zamani kama mgonjwa anayesoma dalili zake. Mlio kwenye kazi hii, andikeni pembeni. "Smite" kwenye Kiingereza cha kale ilikuwa kupaka, kuchafua kitu, ndipo baadaye ikawa kupiga. "Quell" ilikuwa kuua kabisa. Leo unai-"quell" njaa kwa kitumbua. Ukikuta "convince" kwenye maandishi ya enzi za Shakespeare, usikimbilie "kushawishi": Lady Macbeth wa kwenye tamthilia yake anaposema atawa-"convince" walinzi wawili wa mfalme kwa mvinyo, hana hoja ya kuwapa, anataka kuwalaza chali. Na "conquer", baba lao, Kilatini chake ni kutafuta mpaka ukapata. Kwenye sheria za kimwinyi za zamani "conquest" ilikuwa mali uliyojipatia mwenyewe, si ya kurithi. Kwa hiyo William, yule aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, pamoja na damu yote ile, unaweza kumsoma kama mtu aliyejichumia kiwanja.

Na nyie mnaonicheka, siku Mzungu atakapokuta "tulishinda njaa kutwa" akaandika kwamba tuliitokomeza njaa ndani ya siku moja, msije kwangu.

Mengine yalikwenda haraka. Waliolipia kazi wamekata robo ya malipo. Nukuu mbili zimerekebishwa, sasa zinasema jeshi la Mfalme lilishindwa vibaya na Mfalme akapigwa, akakimbilia Leicester. Mwalimu amenitumia ujumbe kwamba wikendi ijayo kuna filamu ya Waroma na kina "decimate" ndani, kitenzi ambacho kwa Waroma kilikuwa kuua mmoja katika kila kumi, niende na vipokea sauti.

Baba naye klipu imemfikia. Kapiga simu asubuhi, sauti ya kazini, cherehani linasikika nyuma. Hakucheka hata kidogo. Alitaka kujua askari walikuwa wangapi. Nikamwambia wa miguu kama elfu nne. Akanyamaza, nikamsikia anapiga hesabu kwa chaki.

"Suti moja mita tatu," akasema. "Elfu kumi na mbili. Jora la mita hamsini, ni majora mia mbili na arobaini. Mwanangu, wakirudi hao, usiwapeleke kwa fundi mwingine."