Kufuata sauti ya ndani hadi kwenye nuru: mlango wa kweli au masikio yetu tu?

Ziba masikio yote mawili kwa vidole gumba usiku wa Julai pale Uyole, Mbeya, saa ambayo baridi imeshawarudisha watu ndani na malori ya kwenda Tunduma yamepungua. Haipiti nusu dakika, utasikia mngurumo mzito kama wa maporomoko yaliyo bondeni. Walimu wa nada yoga, yaani yoga ya sauti, husema njia inaanzia hapo: shika mngurumo huo, kisha uuache ufuate mlio mwembamba uliojificha nyuma yake, halafu mwembamba zaidi, mpaka giza la nyuma ya kope lifunguke liwe nuru. Mwenye shaka atajibu kwamba unasikiliza misuli yako mwenyewe. Wote wawili wana hoja, ila hawazungumzii kitu kimoja.

Madai ya walimu hayakuzuka juzi. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha Kisanskriti cha Svatmarama cha karne ya 15, kinatumia sehemu kubwa ya sura yake ya 4 kueleza usikilizaji huu. Kinaagiza kutega sikio la kulia, na kinapanga milio kwa ngazi: kwanza bahari, radi na ngoma, kisha kengele na baragumu, mwisho njuga, filimbi, kinanda cha nyuzi na nyuki. Milio ikisikika pamoja, mwanafunzi aufuate ule mwembamba. Gheranda Samhita, kitabu kingine cha yoga kilichokuja baadaye, kinakwenda mbali zaidi: ndani ya sauti mna nuru, na ndani ya nuru mna akili. Hoja nzima ya kufikia nuru kwa njia ya sauti imeegemea kauli hiyo.

Lakini hata mapokeo yenyewe hayakubaliani juu ya mpangilio. Njia ya Radha Soami, iliyoanzishwa na Shiv Dayal Singh (1818–1878) kule Agra, India, huanza na kurudia majina kimoyomoyo, fikra zikiwa zimetulia kati ya nyusi. Kusikiliza huja baadaye. Na Visuddhimagga, kitabu cha Kibuddha cha mtawa Buddhaghosa kilichoandikwa Sri Lanka karne ya 5, kinaeleza watu wanaofuata pumzi tu wakatokewa na alama kama nyota au lulu, bila kutafuta sauti yoyote. Kwa hiyo anayesema hakuna nuru pasipo sauti anatia chumvi.

Sasa upande wa shaka. Mwaka 1953 watafiti Heller na Bergman waliwaweka watu wazima 80 wenye usikivu wa kawaida katika chumba kisichopenya sauti. Asilimia 94 walisikia milio. Mfumo wa kusikia haunyamazi kabisa. Ukiunyima sauti za nje, unasikia shughuli zake wenyewe. Na ule mngurumo wa Uyole? Sehemu yake kubwa ni misuli ya mikono inayotetemeka kidogo kidogo inapokaza. Kuupima ni rahisi: egemeza viwiko mezani, legeza mikono, utaona unapungua. Badili vidole kwa vizibo laini vya masikio, utapungua zaidi, na utakaobaki mara nyingi ni mlio mwembamba kama wa nyenje. Waliowahi kutibiwa malaria kwa kwinini wanaujua mlio huo vizuri, maana dawa hiyo huvumisha masikio. Hakuna aliyeuita wito wa mbinguni.

Hata hivyo, asili ya mlio haiuondolei mlio kazi yake. Pumzi nayo ni hewa tu, lakini watu wameitumia kutuliza akili kwa karne nyingi. Mlio mwembamba una faida ambayo pumzi haina: haupandi wala kushuka, hauna mwanzo wala mwisho, na ni hafifu kiasi kwamba ukianza kuwaza deni au shamba, unapotea. Unakuonya papo hapo. Kinachoporomoka ni lile dai kwamba mlio fulani unathibitisha umefika daraja fulani. Mtu anaweza kusikia filimbi siku ya kwanza kwa sababu sikio lake ni bovu.

Anayetaka kujaribu aandae nusu saa. Kalia blanketi lililokunjwa hadi kimo cha sentimita 8 au 10, ili nyonga ziwe juu ya magoti na mgongo usimame bila kulazimishwa. Jifunike vizuri, hasa Njombe na Makete, kwa sababu mwili unaotetemeka kwa baridi una mngurumo wake. Anza na pumzi ya nyuki mara 7 hadi 10: vuta kwa pua, toa polepole ukivuma kwa midomo iliyofungwa. Kisha sukuma kwa kidole gumba kile kijinyama kigumu kilicho mbele ya tundu la sikio, kizibe tundu. Usiingize kidole ndani. Viwiko viegemee meza au mito, la sivyo mabega yatauma baada ya dakika 5 na utakuwa unasikiliza maumivu. Sikiliza dakika 15. Zinazobaki, shusha mikono utafute mlio uleule masikio yakiwa wazi.

Wengi hukosea kwenye nuru. Mkao wa kale wa kuziba milango ya uso huweka vidole vya shahada juu ya kope, na anayeanza hubonyeza. Akibonyeza, huona madoadoa, miraba na duara za rangi, akafurahi. Hiyo ni retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, iliyominywa. Kwa mwenye presha ya macho ni hatari, na kuminya mboni kunaweza kushusha mapigo ya moyo. Vidole visiguse macho kabisa. Kope zikifungwa zinatosha. Kosa la pili ni kugeuza mboni juu kwa nguvu kutafuta katikati ya nyusi, jambo linaloleta kichwa kuuma. La tatu ni gumu zaidi: nuru hafifu ikitokea, mtu huacha sauti akaikimbilia. Macho husogea, umakini hukatika, nuru huzima. Abaki na mlio, nuru aiache kando kama taa ya nyumba ya jirani.

Je, nuru hiyo ni nini? Mwaka 2014 mtafiti Jared Lindahl na wenzake walilinganisha nuru zinazosimuliwa na watafakari na zile zinazowatokea watu walionyimwa mwanga na sauti, wakaona mfanano mkubwa. Hilo huenda linaeleza kwa nini sauti inaweza kuleta nuru: akili iliyotulia gizani huanza kuona kazi yake yenyewe. Halielezi ina maana gani kwa aliyeiona. Mkristo, Mwislamu na Mhindu watalijibu kila mmoja kwa imani yake, na ni haki mwanafunzi aambiwe mapema kwamba vitabu hivi ni vya dini za India.

Kuna nyakati za kuacha. Mvua ya Tukuyu juu ya mabati humeza kila mlio mwembamba. Siku hiyo fuata pumzi. Ukishapanda mlima Kitonga na masikio yakaziba, subiri yafunguke. Mlio wa sikio moja tu, au unaodunda pamoja na moyo, au ulioanza baada ya sindano kama streptomaisini, upelekwe kwa daktari, sawa na mimweko ya ghafla inayoambatana na vidoti vinavyoelea machoni. Na anayelala vibaya kwa sababu mlio umegoma kumwachia aache zoezi lote.

Pradipika inataja nusu mwezi kuwa muda wa kushinda mitawanyiko ya akili. Siku 15 ni kipimo kizuri, lakini cha kitu kingine: baada ya hapo mikono ibaki magotini. Kama mlio hausikiki bila vidole, ulikuwa wa vidole, na pumzi bado ipo.