Mama Mkwe Alipopiga Hodi Kutoka Ndani

Wengi mmeshaiona ile video ya mama mkwe aliyebanwa chooni na pikapu iliyokuwa inabadilishwa injini, kwa hiyo sina haja ya kujitambulisha. Ndiyo, ile Hilux isiyo na boneti ni yangu. Ndiyo, mlango wa bati unaogongwa nyuma yake ni wa choo cha kwangu, na aliyekuwa ndani ni mama mkwe, kaja kutoka Kasulu kumwona mjukuu. Ila hilo la "kamfungia mkwewe mpaka asamehe mahari iliyobaki", ambalo rafiki yangu kalibandika kwenye status kwa herufi kubwa, ni uzushi. Mahari nilishamaliza. Nilishakaribia kumaliza.

Naanza na injini, maana hapo ndipo wasimuliaji wote wanaparuka.

Pikapu yenyewe ni ya zamani, haina fo wili, na imebeba dagaa wa Kibirizi, hapa Kigoma, mpaka paka wa mtaani wanaitambua kwa mlio. Ilikuwa na injini ya 2L, ile dizeli ya Toyota ya cc 2446. Hedi, kile kichwa cha injini, ilishapasuka kati ya vali. Dalili zake mnazijua: unajaza maji jioni, asubuhi rejeta inadai tena, ukiwasha mfuniko ukiwa wazi mapovu yanapanda, na paipu ya juu inakuwa ngumu kabla injini haijapata hata joto. Kuna waliosema nibadilishe hedi tu. Hedi mpya juu ya pistoni zilizochoka? Nikaagiza 3L ya mtumba kutoka Dar. Ni ya ukoo uleule, cc 2779, inakaa kwenye maunting zilezile na kushikana na giaboksi ileile. Jihadharini tu na kitu kimoja: nyingi za hizo zimetolewa kwenye Hiace, na sampu yake, lile bakuli la oili chini ya injini, haina umbo la sampu ya Hilux. Zilaze mbili chini sambamba mtazame kina kiko mbele au nyuma. Ukihamisha sampu, hamisha pamoja na bomba la kunyonyea oili, la sivyo utakuwa na oili ya kutosha ambayo pampu haiifikii.

Sasa uwanja. Gereji hapakuwa na nafasi, na kwangu kuna mwembe wenye tawi nene la kufungia cheni bloku, ile mashine ya mnyororo ya kunyanyulia injini. Tatizo la kwangu ni vipimo. Mbele ya mwembe kuna ukuta wa jirani. Nyuma kuna choo, na mlango wake unafungukia nje. Kulia banda la kuku, kushoto nyumba. Na anayeujua mtaa wetu wa Mwanga, huku juu, anajua hatuna uwanja tambarare. Wa kwangu umeelekea chooni.

Kwenye nafasi finyu hivyo, fundi mwenye akili anaiacha giaboksi ndani ya gari na kushusha injini peke yake, kwa sababu inakuwa fupi, inahitaji kwenda mbele kidogo tu, halafu juu. Na mimi nilianza hivyohivyo, msinitazame. Bolti za chini zote zilitoka. Zile za juu, zilizojibana na ukuta wa kabini, dawa yake ni kufungua daraja la giaboksi, kuushusha mkia kwa jeki, kisha unapitisha ekstensheni ndefu kutokea nyuma. Nilipitisha. Bolti ya mwisho ikawa ya duara. Kuna fundi aliyepita hapo kabla yangu na spana isiyo saizi, Mungu anamwona.

Basi nikaamua vitoke vyote pamoja. Hapo kazi inabadilika. Ng'oa fimbo ya gia kutokea ndani ya kabini, vinginevyo itanasa kwenye bodi. Fungua propela, waya wa spidi, na silinda ya chini ya klachi uifunge pembeni bila kufungua paipu yake. Mkia wa giaboksi uuvishe mfuko wa plastiki na mpira, kwa sababu ukiinama oili yote inakuja kukusalimia. Mnyororo wa kufungia injini uwe mfupi. Ukiwa mrefu, ndoano ya cheni bloku inafika juu kabla injini haijavuka shoo ya mbele, yaani uso wa gari. Wa kwangu ulikuwa mrefu kidogo. Ili kufidia, tulitoa upepo matairi ya mbele na kupandisha vijana wawili wenye miili wakae puani mwa gari, kwa sababu injini ikinyanyuka springi za mbele zinapumua na pua yote inapanda nayo.

Ikatoka. Mkia wa giaboksi ulipita juu ya shoo kwa nafasi ya kidole. Bado kulikuwa na kusukuma pikapu nyuma kwa urefu wa mkono ili injini ishuke mbele yake. Jiwe lilikuwa tayari. Dogo wangu akachungulia kutoka kabini, akaniuliza kwa adabu zote:

"Bosi, nikishuka niiache kwenye gia?"

Nikajibu kwa mazoea, macho yangu yakiwa kwenye cheni: "Iache kwenye gia."

"Sawa bosi."

Jamani. Giaboksi ilikuwa inaning'inia juu ya vichwa vyetu. Fimbo ya gia dogo alikuwa ameishika mkononi. Na tulikubaliana vizuri kabisa, hakuna aliyecheka. Handibreki ilivutwa, ile ya kuvuta chini ya dashibodi, ila waya wake umelegea kiasi kwamba unaivuta kwa heshima tu.

Tukasukuma. Vijana wa puani wakaruka chini, pua ikanyanyuka, na pikapu ikagundua mteremko. Haikukimbia. Ningependa ingekimbia, pengine mtu angepiga kelele. Iliondoka taratibu, ikalipanda jiwe, ikalivuka, matairi ya mbele yasiyo na upepo yakisema pwata, pwata, pwata, kuku wakiisindikiza kwa macho. Bampa la nyuma likafika kwenye mlango wa choo na kugusa. Ngo. Basi. Bati halikubonyea hata kidogo. Nikasema alhamdulillahi, hakuna kilichovunjika, dogo shusha injini. Dogo akashusha, taratibu, juu ya tairi mbovu tulizozipanga, kati ya ukuta na bampa la mbele, mkia wa giaboksi ukalala chini ya pua ya gari kama umekuja kupumzika. Nikachukua kitambaa nijifute mikono.

Hapo ndipo nikasikia hodi.

Sauti ya upole, ya mtu mzima. "Hodi."

Nikatazama geti. Hakuna mtu.

"Hodi humu."

Tangu nizaliwe nimezoea hodi ya mtu anayeomba kuingia. Nikageuka polepole, na dogo akageuka, na wale vijana wawili wakageuka, sote tukautazama mlango wa bati uliobanwa na bampa. Ukasukumwa kutoka ndani. Ukaenda upana wa kucha, ukagonga chuma, ukarudi. Ukasukumwa tena. Kwenye upenyo nikaona ukingo wa kitenge nilichomnunulia mwenyewe.

Nyinyi mnaoandika "ungemwambia asubiri", mmeoa? Unamwambiaje mama mkwe wako kitu chochote akiwa humo? Mkwe ukikutana naye njiani unampisha. Mama watoto alikuwa sokoni. Dogo alishaanza kukusanya spana zilizokusanywa tayari. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe na kutoa kitu pekee ulichofundishwa kumpa mkwe:

"Shikamoo mama."

Kimya. Halafu kutoka ndani, baada ya kufikiri:

"Marahaba mwanangu. Kuna kitu mlangoni."

"Ndiyo mama. Ni gari."

"Aa. Gari."

Nikamwahidi dakika mbili. Sikilizeni hesabu ya hizo dakika mbili. Kusukuma gari mbele hakuwezekani, injini na giaboksi vimelala hapo, zaidi ya kilo mia mbili za chuma, na mbele yake ni ukuta. Kuinua injini tena ili gari lipite chini yake kunawataka vijana wawili walewale wakae puani, na haohao ndio wa kusukuma. Tairi za mbele hazina upepo na tunapandisha mlima. Na cheni bloku haijui kwamba una mkwe chooni: unavuta mnyororo mkono kwa mkono mpaka mabega yanawaka, injini inapanda unene wa kidole.

Jirani akaja na jeki ya chupa, akashauri tuilaze kati ya bampa na ukuta wa choo itusukumie gari. Wazo si baya sana. Jeki hiyo ukiilaza upande wa pampu unakuwa chini, vinginevyo inavuta hewa badala ya oili. Lakini ukuta wenyewe ni tofali moja la udongo. Nikamwuliza kama anataka nimtoe mama mkwe kwa mlango au nimfuate na ukuta.

Mzee mmoja aliyevutwa na kelele akakaa kwenye tairi akatoa hotuba. Meli ya Liemba, anasema, ilizamishwa 1916 humu Ziwa Tanganyika, ikatolewa 1924, mwaka 1927 ikarudi kazini. Wewe Hilux tupu inakushinda? Kutoka ndani ya choo nikasikia mtu anaguna kukubaliana naye.

Aliyetuokoa ni kijana wa bodaboda. Akasema pikapu isiyo na injini wala mzigo, mkia wake ni wa kubeba kwa mikono. Kweli kabisa, na nilipaswa kulisema mimi mwenye gereji. Akapiga mluzi. Kijiwe kizima kikaingia uwanjani kwangu, wengine na helmeti kichwani, wakajipanga kwenye bodi la nyuma. Moja, mbili, twende! Mkia ukanyanyuka, ukahamia upande wa banda la kuku. Tena! Ukahama tena. Makofi yakapigwa.

Na baada ya makofi, hakuna aliyeondoka. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Wanaume wote wale, mimi katikati na oili mpaka viwikoni, tumesimama nusu duara tukiutazama mlango wa choo kana kwamba anatoka mgeni rasmi. Rafiki yangu mwenye status kanyanyua simu. Mlango ukafunguka. Akatoka mama mkwe, kitenge kimefungwa vizuri, kopo mkononi. Akatutazama mmoja mmoja. Akaitazama injini iliyolala chini ya mwembe.

"Hiyo ndiyo mpya?"

"Hapana mama. Hiyo ndiyo mbovu. Mpya bado iko stoo."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani.

Yaliyobaki ni kazi ya kawaida. Bolti ya duara ilitoka kwa patasi na nyundo tulipoifikia chini. 3L ilipanda peke yake, bila giaboksi, na mnyororo mfupi. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa kabla haijapanda, kwa sababu Toyota wanataka ubadilishwe kila kilomita 100,000 na wa injini ya mtumba hujui umetembea kilomita ngapi. Ukikatika vali zinakutana na pistoni. Klachi pleti tuliiweka katikati kwanza, maana isipokaa katikati shafti ya giaboksi haiingii, na ukiivuta kwa bolti utapasua kitu. Dizeli tuliitoa hewa kwa pampu ya mkono, tukalegeza nati za nozo, dogo akapiga stata mpaka matone yakaja. Ikawaka. Moshi mweupe kidogo, kisha safi.

Mama mkwe karudi Kasulu kwa basi. Pikapu ilikuwa tayari na nilimwomba nimpeleke mwenyewe, akasema anashukuru.

Nilitaka tu kuweka rekodi sawa. Ile sauti kwenye video inayosema "msimwage" si yangu. Na anayeitaka ile 2L kwa ajili ya spea, pampu ni nzima, stata nzima, kranki haijawahi kuchongwa, hedi haifai. Bei tutaongea. Njoo mchana, na gari lako uliache barabarani.